Mtambo Uliochukua Feni Yetu

Juzi, mama akiwa bado ndani ya eda ya baba, joto lilituzidi nikaivuta feni ya zamani kutoka uvunguni, nikaifuta na kuichomeka. Ilikohoa, ikaanza kugeuza shingo taratibu, na chumba kikajaa harufu ya vumbi linaloungua na mafuta ya cherehani. Wanawake waliokuja kutoa pole walisema alhamdulillahi, hewa imepatikana. Mimi roho ilinichoma. Mtu mzima na watoto wangu, baba yangu kaburini hata udongo haujakauka, halafu harufu ya feni inanirudishia kijicho cha utotoni kikiwa kizima, utadhani nilikiacha jana. Nilitoka nikaenda kukaa jikoni.

Nyinyi mliokulia Kariakoo kabla nyumba za Kiswahili hazijavunjwa kupisha maghorofa, nyumba yetu ya Mtaa wa Narung'ombe mnaijua hata kama hamkuwahi kuiingia. Korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake, na uani bomba moja la kugombea asubuhi. Sisi tulikuwa watatu: baba, mama na mimi, katika chumba cha pili kulia. Mama aliuza kanga kwenye meza iliyowekwa mbele ya duka la watu, hatua chache kutoka nyumbani, na nguo zake zote zilinuka kanga mpya, ile harufu ya wanga na rangi. Wanawake walimfuata kama wanavyofuata duka la dawa. Mmoja anasema wifi yake kamsema vibaya, mwingine anasema jirani hamwitiki salamu, na mama anapekua fungu lake mpaka anatoa kanga yenye maneno yanayofaa ugonjwa huo.

Baba alifanya kazi ya ndege. Hivyo ndivyo tulivyosema, na wenzangu wakidhani ni rubani, sikuwa na haraka ya kuwasahihisha. Kwa kweli alikuwa fundi wa mtambo wa redio uliokuwa nje ya mji, ng'ambo ya uwanja wa ndege, mtambo unaotuma mawimbi angani ili ndege zijue ziko wapi. Sikuwahi kuuona. Nilichokijua ni kwamba kazi iliisha alasiri, na baba alirudi baada ya isha. Alirudi ananuka majani yaliyofyekwa na vumbi lililoungua, ananibusu utosini huku masikio yake yako kwingine, na siku zake za mapumziko pia alikwenda huko huko. Mama akimuuliza, alijibu kwamba leo kuna kitu hakikukaa sawa.

Kisha vitu vikaanza kuhama nyumbani. Kwanza kiliondoka chandarua changu cha utotoni, kile cha duara nilichokuwa nimekishinda urefu. Baba alikikunja vizuri na kukitia kwenye mfuko. Baada ya chandarua ukafuata mkeka, kisha ndoo yenye kifuniko, kisha pazia la zamani la dirisha la mbele. Kila mara aliaga waziwazi kwamba anakipeleka kazini, na kila mara mama alisema haya.

Aliyesema kwa sauti alikuwa Mama Shufaa wa chumba cha mkabala, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Walikuwa uani wanachambua mchele, mimi pembeni naosha kandambili zangu.

"Mama Rehema, mie sisemi kitu," alisema Mama Shufaa. "Lakini mwanamume akihamisha chandarua, ujue yuko anayelala ndani yake."

"Anasema cha kazini," mama akajibu.

"Kazini kuna mbu gani? Tena cha mtoto kile." Akanitazama, akashusha sauti ambayo haikushuka vya kutosha. "Lisemwalo lipo, mwenzangu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina ndugu. Hakuna aliyeniambia nisifikiri hivyo, kwa hiyo nilifikiri hivyo kwa nguvu zangu zote. Mama alimwonea wivu mwanamke. Mimi sikuwa na habari na mwanamke, mimi nilimwonea wivu mtoto. Niliamua kuwa ni wa kike, ana meno yote ya mbele, na nywele zake zinasukwa na mtu asiyevuta. Anakaa kwenye mkeka wetu ndani ya chandarua changu, na baba akifika anamwita baba, neno langu kabisa. Baba akinipa embe, nilijua yule kapewa kubwa kuliko langu. Akinisifu kwa kuhifadhi sura mpya ya Kurani, nilijua yule alishaihifadhi wiki iliyopita. Nilijaribu kuumwa ili abaki nyumbani, lakini nilikuwa na afya ya punda.

Mama hakuuliza. Wanawake wa kwao Kilwa hawakuwa na desturi ya kuuliza, walivaa. Kila baba aliporudi alimkuta mama kajifunga kanga ya jina jipya, moja kali kuliko ya jana, anapita nayo mbele ya sahani yake mara tatu nne ili maneno ya mgongoni yasomeke. Baba alikula, akashukuru, akalala. Nadhani katika maisha yake yote hakusoma kanga hata moja. Mwisho mama alichoka, akachukua doti mpya kutoka mezani kwake, akamwekea mapajani. Maneno yake yalisema: *Usisafirie nyota ya mwenzio*.

"Hii nayo upeleke huko unakopeleka vitu," alisema.

Katika lugha ya mama, hiyo ilikuwa vita imetangazwa. Mwanamke wa huko angeifungua, angesoma, na angejua kwamba mwenye mume anamjua. Baba aliishika kwa mikono miwili, uso ukamng'aa.

"Ahsante sana, mke wangu. Imekuja wakati wake. Kule vumbi limezidi."

Mama alimtazama mpaka chai yake ikapoa.

Tungeweza kuendelea hivyo miaka, kama isingekuwa feni. Ilikuwa kaskazi, joto lile la Dar ambalo mtu anaoga na kuanza kutoka jasho kabla hajajifuta. Chumba kizima kiliishi kwa feni ile moja. Asubuhi moja baba aliizima, akaizungushia waya wake shingoni, akaipandisha begani.

"Kiyoyozi cha kule kimekufa," alisema. "Nyinyi mnaweza kukaa barazani. Kule hakuna baraza."

Akapita nayo korido nzima, milango yote ikiwa wazi, watu wanatazama. Mama alikaa kitandani, mikono mapajani. Mama Shufaa alikuja kusimama mlangoni.

"Nitakwenda leo hii," mama alisema. "Nikimkuta mwanamke, sipigani sana. Nampa vibao viwili vya haki yangu, kisha narudi Kilwa kwa wazee wangu, na Rehema naondoka naye."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwenda Kilwa maana yake yule mtoto abaki na baba mzima, asubuhi na jioni, na mimi nibaki na habari zake. Nilivaa viatu vyangu vya Idd bila kuambiwa. Niliazimia kwamba kama tunakwenda Kilwa, chandarua changu hakibaki.

Tulikodi teksi, mama na Mama Shufaa nyuma, mimi katikati yao. Wote wawili walikuwa wamejifunga vibwebwe, kanga zimekazwa kiunoni kwa ajili ya ugomvi. Mji uliisha, zikaja nyasi ndefu, kisha uzio wa waya, na ndani ya uzio kibanda cheupe kisicho na dirisha la maana, karibu yake milingoti na nyaya. Mlinzi mzee alikuwa amekaa kivulini getini. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Tunamtafuta Baba Rehema," mama alisema.

"Yuko ndani. Leo ndio hatoki kabisa, tangu alete feni."

Mama Shufaa alivuta pumzi kwa nguvu. Mama alikuwa ameshapita geti.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mngurumo wa chini, ule wa nyuki walio mbali, na makabati ya chuma yenye taa ndogondogo za kijani. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wetu, na fulana ya ndani, bisibisi mdomoni. Feni yetu ilikuwa imesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, inapulizia kabati moja na kugeuza shingo, inalipulizia tena. Chandarua changu kilikuwa kimekatwa vipande na kubanwa kwenye matundu ya hewa, kuzuia mijusi na nyigu. Kabati la pili, lililokuwa limezimwa, lilifunikwa kanga ya mama kutoka juu mpaka chini, maneno yote nje, yamenyooka vizuri kabisa.

Baba alipotuona alitoa bisibisi mdomoni. Sijawahi kuona mtu aliyefurahi vile.

"Jamani, mmekuja," alisema. "Karibuni, karibuni ndani. Rehema, mama, vua viatu, kuna vumbi. Mama Shufaa na wewe pia umekuja kumwona?"

Mama Shufaa akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akatoka nje. Mama alisimama na kibwebwe chake. Mimi nilizunguka nyuma ya kabati la kwanza, nikazunguka nyuma ya la pili, nikafunua kanga nikachungulia. Hakukuwa na mtoto. Mnaweza kudhani nilifurahi, lakini nilihisi nimeibiwa. Mtoto ningeweza kumfinya.

Baba alitueleza kwa pupa, kama mtu aliyesubiri miaka kuulizwa. Alisema kutoka pale mawimbi yanakwenda kila upande, na rubani akiweka redio yake sawasawa, sindano mbele yake inageuka na kuelekea pale, hata kama kuna wingu zito na haoni hata ncha ya bawa. Akanivisha kisikilizio kichwani. Nikasikia mlio mwembamba, mfupi, mrefu, mfupi, unarudiwa bila kuchoka.

"Anasema jina lake," baba alisema. "Basi. Hana neno jingine."

"Na hizo ndege zote zinamtegemea huyu?" mama aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza.

"Siku hizi hapana. Siku hizi zinaongozwa na setilaiti za huko juu."

"Sasa huyu wa nini?"

"Huyu wa akiba. Mawimbi ya setilaiti yanatoka mbali, yanafika chini yamechoka. Kitu kidogo tu kinaweza kuyavuruga, na siku hiyo rubani atamtafuta huyu."

"Siku hiyo ilishafika?"

"Bado," baba alisema, akafuta kabati kwa kiganja.

Njiani kurudi mama alitazama dirishani mpaka tulipoanza kuona maduka ya Kariakoo. Kisha alifungua kibwebwe chake, akakikunja mapajani. "Ingekuwa mwanamke, ningemweza," alisema. Mama Shufaa, ambaye alikuwa anaficha kicheko tangu getini, akaacha kucheka.

Kilwa hatukwenda. Lakini mama alikuwa amelelewa katika nyumba ya wake wawili, na alijua mambo hayo yanavyoendeshwa. Jioni ile alimsubiri baba amalize kula, akamkalisha.

"Mke mwenza simkatai," alisema. "Nimelelewa na mama wawili, nikala kwa wote. Ninachokataa ni kudhulumiwa. Tugawane zamu."

Baba alicheka. Mama hakucheka, basi baba akaacha. Wakagawa wiki mbele yangu, huku mimi nimelala nimefumba macho kwa uongo. Kazi ya asubuhi ni kazi, hiyo haikuguswa. Kilichogawiwa ni alasiri na mapumziko. Siku tatu za mtambo, siku tatu za mama, na katika siku za mama mtambo hautajwi ndani ya nyumba. Ikabaki Jumanne, maana wiki haigawanyiki. Baba aliomba iwe ya mtambo, kwa sababu Jumanne wanajaribu jenereta.

"Mimi ndiye mkubwa," mama alisema. "Jumanne yangu. Na feni irudi kiyoyozi kikitengenezwa."

Feni ilirudi baada ya muda. Zamu zilifuatwa kama sheria. Idd ilipofika, mama alifunga sahani ya pilau kwa kitambaa akampa baba ampelekee mwenzake, kama inavyopasa, na mlinzi akaila kwa niaba yake. Uani walimtania mpaka wakachoka. Mama hakujali, alikuwa amepata haki yake, na uso wake ulinawiri.

Sasa sikilizeni kilichonipata mimi. Jumanne ndiyo siku mizigo ya kanga ilipofunguliwa kwenye maghala, kwa hiyo mama alibaki mezani kwake mpaka magharibi. Baba anarudi alasiri, mkewe hayupo. Ni mimi tu. Bila mtu yeyote kupanga, Jumanne ikawa yangu. Tulikwenda kununua mihogo ya kuchoma yenye pilipili, tukasimama kwa fundi redio kuangalia redio za watu zikiwa zimefunguliwa matumbo, tukarudi tukakaa barazani anamenya chungwa na kunipa pande moja moja. Nilimshika vidole viwili tu, kwa sababu mkono wake wote haukuenea kwenye wangu. Ndege ikipita juu ya mapaa, aliinua kichwa, nami nilimvuta kidole mpaka akishushe. Nilikuwa mlinzi wa siku ile. Wiki nzima niliishi nikiitazamia.

Halafu masika ikaingia. Jumanne moja mvua ilifunga soko, mama akarudi mapema na kanga zake ndani ya nailoni, tukawa wote watatu chumbani, chai ya tangawizi na maandazi katikati. Nilinuna kidogo kwa sababu ya mama kuwepo, lakini baba alikuwa amenikalisha karibu naye na nikasamehe. Simu yake ndogo ikalia. Alisikiliza, akasema sawa, akaiweka kifudifudi sakafuni. Andazi lake likabaki mkononi.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Nakula."

"Nani kapiga?"

"Watu tu. Leo siku yako, hatuyataji hayo."

"Yataje."

Baba alitazama andazi. "Radi imepiga kule. Amenyamaza."

"Wenzako si wapo?"

"Wapo. Watamfikia kesho, njia imejaa maji."

"Na ndege?"

"Ndege zina setilaiti. Hakuna hata atakayejua kama kanyamaza."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama alikusanya vikombe, akavipanga kwenye sinia, akavipanga upya. Nilimwangalia nikimwombea aseme neno moja tu, kaa. Alikuwa na haki yote ya kulisema. Ilikuwa siku yake, kaipigania kwa mdomo wake.

"Nenda," alisema. "Mwenzangu anaumwa, nami nimekaa nawe nakunywa chai? Nenda, nisije nikasemwa."

Baba hakusubiri aambiwe mara ya pili. Alisimama, akavuta buti zake kutoka nyuma ya mlango, na uso wake ulikuwa umelegea kwa shukrani, anamtazama mama kwa namna ambayo mimi sikuwahi kutazamwa. Mama akamfungia maandazi yaliyobaki kwenye kitambaa, akampa mwavuli wake mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuwaona wakipendana hivyo, na nilichukia. Zamani tulikuwa wawili wenye wivu, mimi na mama, upande mmoja. Sasa mama alikuwa amehamia ng'ambo kwa mwenzake, na amekwenda na siku yangu mkononi.

Nilisimama mlangoni nikaziba njia.

"Mama ana zamu," nilimwambia baba. "Na yule ana zamu. Na mimi zamu yangu lini?"

Mama aligeuka. Nadhani ilikuwa mara yao ya kwanza, wote wawili, kukumbuka kwamba walipogawa ile wiki nilikuwa chumbani. Baba alichutama mbele yangu, buti moja mguuni, nyingine mkononi, akanishika kidevu.

"Mtoto hana zamu, mama," alisema. "Zamu hupewa wanaoweza kunikosa."

Akavaa buti ya pili, akanibusu utosini, akafungua mwavuli korido nzima ikimpisha.

Juzi, nilipotoka jikoni, niliwahadithia wanawake wa msibani maneno hayo ya baba. Wengine walifuta machozi, Mama Shufaa akasema hilo ni neno la mtu mwema, na mama akatikisa kichwa polepole. Ni jibu zuri, nalikubali, na watoto wangu mwenyewe nimeshawajibu hivyo hivyo. Lakini siku ile nilikuwa mtoto, mvua inanyesha, mgongo wa baba unaishia mtaani, na mimi nilichotaka ni Jumanne.